Helen Taussig: Tabibu aliyesikiliza mioyo kwa vidole

DAKTARI wa moyo hutambulikana kwa chombo anachokiangika shingoni. Humwinamia mgonjwa, akakiweka kifuani na kusikiliza mapigo. Helen Brooke Taussig, Mmarekani anayehesabiwa kuwa mwasisi wa taaluma ya maradhi ya moyo wa watoto, hakudumu na uwezo huo. Alipokuwa katika miaka ya thelathini ya umri wake, masikio yalikuwa yamekwisha kumpa kisogo. Akawa anaviweka vidole vyake juu ya kifua cha mtoto, na kwa vidole hivyo akang'amua mengi ambayo wenzake wenye masikio mazima hawakuyatambua.

Jina lake limefungamana na upasuaji uliofanywa tarehe 29 Novemba 1944 katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Siku hiyo mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo, na ambaye ngozi yake ilikuwa ya samawati kwa kukosa hewa safi, alifunguliwa kifua na mishipa yake ikaunganishwa upya. Vitabu vingi vya historia ya tiba huianza na kuimaliza sifa ya Taussig katika chumba hicho cha upasuaji.

Hata hivyo, Taussig hakuwa daktari mpasuaji, wala hakushika kisu siku hiyo. Kazi yake ilianza miaka mingi kabla ya mtoto huyo kulazwa mezani na ikaendelea miaka mingi baadaye. Alichokisimamia maishani ni jambo ambalo kwa wengi halina mvuto: kumjua mgonjwa barabara kabla ya kumkabidhi kwa mpasuaji, kisha kumfuatilia mwaka baada ya mwaka ili kujua kama upasuaji ulimfaa kweli.

Helen alizaliwa tarehe 24 Mei 1898 mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, akiwa kitinda mimba katika jamaa ya watoto wanne. Babake, Frank William Taussig, alikuwa profesa mashuhuri wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mamake, Edith Guild, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Chuo cha Radcliffe, kilichoasisiwa kwa ajili ya wanawake.

Msiba uliingia mapema katika nyumba hiyo. Helen alikuwa na umri wa miaka 11 mamake alipoaga dunia kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua maradhi hayo na kwa muda akawa anahudhuria masomo kwa vipande.

Juu ya hayo, kusoma kwenyewe kulimtaabisha. Herufi zilimchanganya machoni, hali ambayo siku hizi wataalamu wanaifahamu kwa jina la disleksia lakini ambayo wakati huo ilidhaniwa kuwa uzito wa akili. Babake ndiye aliyeketi naye jioni baada ya jioni, akimpitisha katika vitabu neno kwa neno hadi akajenga mazoea ya kusoma polepole na kwa makini. Wanaoyatafiti maisha yake huona kwamba uangalifu aliokuja kuwa nao mbele ya mgonjwa ulianza kufinyangwa mezani pa babake.

Baada ya kusoma kwa muda Radcliffe, alihamia Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, ambako alihitimu mwaka wa 1921. Alikuwa amekata shauri kusomea udaktari. Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho babake alikitumikia kwa miaka mingi, hakikuwa kikipokea wanawake katika kitivo chake cha tiba. Mlango huo ulikuja kufunguliwa mwaka wa 1945. Alipoulizia masomo ya afya ya umma katika chuo hicho hicho, alielezwa kuwa angeruhusiwa kuhudhuria mafunzo lakini shahada asingetunukiwa.

Alikwenda Chuo Kikuu cha Boston kusomea elimu ya viungo vya mwili. Huko mwalimu wake, Alexander Begg, alimpa moyo wa ng'ombe auchunguze na kumshauri aelekeze nguvu zake katika kiungo hicho. Utafiti wake kuhusu misuli ya moyo ulichapishwa mwaka wa 1925, kabla hata hajawa daktari. Begg huyo huyo ndiye aliyemhimiza kuhamia Johns Hopkins, kitivo kilichokuwa kikipokea wanawake tangu mwaka wa 1893 kwa sababu akina mama waliochangia fedha za kukianzisha walilitia sharti hilo. Alihitimu udaktari mwaka wa 1927.

Kliniki ya wasio na tumaini

Mwaka wa 1930, Edwards Park, mkuu wa idara ya watoto ya Johns Hopkins, alimkabidhi Taussig usimamizi wa kliniki ya moyo katika jengo la watoto lililoitwa Harriet Lane. Kwa macho ya wakati huo, hicho hakikuwa cheo cha kuonewa wivu. Wagonjwa wengi walikuwa watoto ambao mioyo yao iliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Waliosalia ni wale waliozaliwa na mioyo yenye kasoro, na hao madaktari hawakuwa na la kuwafanyia ila kuwaandika jina na kungoja siku yao.

Ni katika miaka hiyo ambapo uwezo wake wa kusikia ulififia. Alijifunza kusoma midomo ya watu wanaozungumza na akatumia kifaa cha kukuza sauti, lakini tegemeo lake kubwa likawa macho na mikono. Moyo wenye kasoro hutoa mvumo, na mvumo mzito hutetemesha kifua. Taussig aliusoma mtetemo huo kwa ncha za vidole. Aliwatazama watoto kupitia mtambo wa eksirei uliomwonyesha moyo ukidunda, akiwageuza huku na huku ili auone kutoka pande zote.

Alitazama pia jinsi watoto walivyocheza. Aliona kuwa baadhi yao, baada ya hatua chache tu, huchutama chini na kutulia kidogo kabla ya kuinuka tena. Wazazi walidhani ni tabia tu. Taussig aliichukulia kuwa dalili: mtoto alikuwa ameligundua mwenyewe pozi linalompunguzia dhiki ya kukosa pumzi.

Na mtoto alipofariki, Taussig hakulifunga jalada lake. Aliyalinganisha maandishi yake ya kliniki na yale ambayo wachunguzi wa maiti waliyaona baada ya kuupasua moyo. Pale alipokuwa amekosea, alitaka kujua kosa lilitokana na nini. Kwa njia hiyo ya uvumilivu, mtoto mmoja baada ya mwingine, alianza kutenganisha kasoro moja na nyingine, akaona kwamba kila aina ina alama zake zinazojirudia.

Kasoro iliyomshughulisha zaidi ni ile iitwayo tetralojia ya Fallot, kwa heshima ya tabibu Mfaransa Étienne-Louis Arthur Fallot aliyeifafanua mwaka wa 1888 mjini Marseille. Ndani yake mna hitilafu nne. Njia ya damu iendayo mapafuni huwa nyembamba mno. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo huwa na tundu. Aota, yaani mshipa mkuu utoao damu moyoni, huwa imekaa juu ya tundu hilo. Nao msuli wa chumba cha kulia huvimba kwa kazi ya ziada. Matokeo yake ni kuwa sehemu kubwa ya damu huzunguka mwilini bila kupita mapafuni kuchukua oksijeni, na midomo, kucha na ngozi ya mtoto hugeuka rangi ya samawati.

Hapo ndipo Taussig alipoligundua jambo lililoubadilisha mwelekeo wa tiba. Kabla ya kuzaliwa, kila mtoto huwa na kijimfereji kinachounganisha aota na mshipa wa mapafu. Kwa kawaida kijimfereji hiki hujifunga chenyewe siku chache baada ya mtoto kuzaliwa. Taussig aliona kuwa kuna watoto wenye tetralojia waliokuwa na nafuu kwa muda, kisha wakazidiwa ghafla. Alipoyachunguza majalada yao, alibaini kwamba walizidiwa wakati kijimfereji hicho kilipofunga. Wale ambao chao kilibaki wazi ndio waliostahimili. Fikira ikamjia kwamba ikiwa kufunga kwa kijimfereji kunaua, basi kutengeneza kingine huenda kukaokoa.

Kutoka wazo hadi kisu

Mwaka wa 1938, mpasuaji Robert Gross wa Boston alikuwa amewashangaza wengi kwa kukifunga kijimfereji cha namna hiyo kwa msichana ambaye kwake kilikuwa kikileta madhara. Taussig alifunga safari kwenda kumwona, akamweleza kuwa aliyeweza kukifunga bila shaka angeweza pia kukitengeneza. Gross hakuvutiwa, na mgeni wake akarudi Baltimore mikono mitupu.

Subira yake ilizaa matunda mwaka wa 1941 pale Alfred Blalock alipoajiriwa kuwa mkuu wa upasuaji wa Johns Hopkins. Blalock alikuja na msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyekuwa seremala na ambaye akiba yake ya kwenda chuoni ilipotea benki zilipoporomoka katika mdororo mkuu wa uchumi. Thomas hakuwa na shahada yoyote, na kwa miaka mingi alipokuwa akifanya kazi ya mtafiti aliorodheshwa na kulipwa kama mfagizi. Lakini mikono yake ilikuwa na ustadi ambao wapasuaji wengi waliutamani.

Taussig aliwaendea wawili hao na kuwaeleza tatizo lake. Wao walikuwa wamewahi, katika utafiti mwingine kabisa, kuunganisha mshipa unaopeleka damu mkononi na ule wa mapafu. Thomas alianza majaribio kwa mbwa. Kwanza alihitaji kumfanya mnyama awe na hali inayofanana na ya watoto hao, kisha aitibu. Kazi hiyo ilimchukua takriban miaka miwili na mbwa wapatao 200, na hata sindano na vibanio vya kufaa mishipa midogo kiasi hicho ilibidi avirekebishe mwenyewe.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana wa miezi 15 ambaye uzani wake haukufika kilo tano. Kila siku alikuwa akizidi kudhoofika. Asubuhi ya 29 Novemba 1944, Blalock alisimama mezani, na nyuma ya bega lake, juu ya kistuli, akasimama Thomas, aliyekuwa ameufanya upasuaji huo mara nyingi maabarani kuliko mtu yeyote. Taussig alisimama upande wa kichwa cha mtoto. Mshipa wa mkono ukakatwa na ncha yake kushonwa kwenye mshipa wa mapafu. Mtoto akatoka mezani akiwa hai, na baada ya siku ngumu za kuuguzwa akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mwezi wa Februari 1945 walifuata wengine wawili, msichana mmoja na mvulana wa miaka sita. Kwa mvulana huyo mabadiliko yalionekana pale pale mezani: vibanio vilipoachiwa, midomo yake ikageuka kutoka samawati na kuwa na rangi ya damu safi. Mwezi wa Mei mwaka huo, Blalock na Taussig walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa hao watatu katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Habari zikasambaa, na wazazi wakaanza kumiminika Baltimore na watoto wao kwa magari, kwa treni na kwa ndege.

Swali la siku inayofuata

Hadithi ingeishia hapo kama Taussig angekuwa mtu wa kuridhika na shangwe. Ukweli ni kuwa yule mtoto wa kwanza hakudumu. Miezi michache baada ya kutoka hospitalini alianza tena kugeuka samawati. Alifanyiwa upasuaji wa mara ya pili, naye akafariki. Upasuaji uliokuwa ukishangiliwa duniani kote ulikuwa umempa mgonjwa wake wa kwanza miezi tu.

Wapo ambao wangelitaja jambo hilo kwa sauti ya chini na kuharakisha kwenda kwa mvulana aliyegeuka rangi mezani. Kwa Taussig, matokeo yote mawili yalikuwa ya kuandikwa. Mshipa wa mtoto mdogo mno ni mwembamba, na kiunganishi chake huweza kuziba au kutotosheleza; mtoto aliyekua kidogo ana nafasi bora zaidi. Umri, uzani na aina ya kasoro vilikuwa na maana kubwa, na njia pekee ya kujua kiasi cha maana hiyo ilikuwa kuwahesabu waliopona na waliokufa bila kumficha hata mmoja.

Kazi ya kuwachagua wagonjwa ilimwangukia yeye. Si kila mtoto wa samawati angefaidika na upasuaji huu. Yule ambaye damu yake haifiki mapafuni ya kutosha angeokolewa, lakini yule ambaye mapafu yake tayari yamejaa damu kupita kiasi angeweza kuuawa na dawa hiyo hiyo. Mpasuaji aliyefungua kifua asichokijua alikuwa akibahatisha. Yale majalada ya miaka 14, yaliyokusanywa wakati ambapo hapakuwa na tiba yoyote, sasa yakawa ndiyo dira. Mwaka wa 1947 Taussig aliyageuza kuwa kitabu kikubwa kuhusu kasoro za moyo za kuzaliwa, ambacho kilikuwa cha kwanza kuzipanga kasoro hizo kwa namna ambayo daktari angeweza kuzitambua mgonjwa akiwa bado hai.

Mwaka huo huo Blalock alialikwa London, katika Hospitali ya Guy's, kuwaonyesha Waingereza upasuaji huo. Kufikia mwanzo wa miaka ya hamsini, watoto waliofanyiwa upasuaji Johns Hopkins walikuwa wamepita 1,000. Madaktari vijana kutoka nchi mbalimbali walikwenda kusomea katika kliniki ya Taussig, na waliporudi makwao walifungua kliniki kwa mtindo aliowafunza.

Jambo moja alilowasisitizia ni kutompoteza mgonjwa. Kwa kawaida ya siku hizo, mgonjwa aliyeondoka hospitalini akitembea alihesabiwa kuwa amepona. Taussig aliwataka wazazi warudi na watoto, na walioshindwa kurudi waandike barua. Alidumu kuandikiana na watu aliowajua wakiwa wachanga hadi walipoingia shuleni, wakaajiriwa, wakaoa na kuolewa.

Kwa kuwafuatilia hivyo, yaliibuka mambo ambayo yasingeonekana katika chumba cha upasuaji. Wengine walikua na kiunganishi kikakua nao, wakaishi maisha ya kawaida kwa miaka mingi. Kwa wengine, mahitaji ya mwili yalizidi uwezo wa mshipa ule mdogo na dalili zikarejea. Baadhi walipata maambukizi ndani ya moyo, au majipu ya ubongo. Ilibainika pia kwamba njia nyingine zilizobuniwa baadaye za kupitishia damu mapafuni, zilizounganisha mishipa mikubwa moja kwa moja, mara nyingine zilifurisha mapafu na kuyaharibu, ilhali mshipa wa mkono kwa udogo wake ulikuwa na kipimo cha kiasili.

Aidha, ilidhihirika kuwa upasuaji huo haukuwa tiba kamili, kwani tundu na njia nyembamba viliachwa vilivyo. Mwaka wa 1954, Walton Lillehei na wenzake wa Minnesota walifanikiwa kwa mara ya kwanza kuzirekebisha hitilafu zenyewe ndani ya moyo uliofunguliwa, na mashine za kushika kazi ya moyo na mapafu ziliposambaa, njia hiyo ikawa ndiyo lengo. Wengi waliokwenda kurekebishiwa kikamilifu ni watu waliofikishwa umri huo na upasuaji wa kwanza. Bila daraja lile wasingevuka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, Taussig na wenzake walichapisha mfululizo wa makala kuhusu hali ya wagonjwa wa mwanzo, zaidi ya miaka 20 tangu wapasuliwe. Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu. Ni wachache katika enzi hizo waliokuwa wamejaribu kumfuatilia mgonjwa wa moyo kwa muda mrefu namna hiyo. Leo hakuna hospitali yenye sifa ya upasuaji wa moyo isiyohesabu matokeo yake, na wale watu wazima waliozaliwa na kasoro za moyo wana kliniki zao mahususi. Taussig alikuwa ameuona umuhimu wa jambo hilo wakati wagonjwa hao walikuwa bado watoto.

Mgala na haki yake

Sifa hazikugawanywa sawasawa. Upasuaji ulipewa majina ya Blalock na Taussig, na jina la Vivien Thomas halikuonekana katika taarifa ya mwaka wa 1945. Katika Baltimore ya ubaguzi, aliyewafunza mamia ya wapasuaji namna ya kushika mshipa alikuwa akiingia kazini kama mfanyakazi wa chini. Picha yake ilitundikwa hospitalini mwaka wa 1971 kwa juhudi za wapasuaji aliowafunza, na chuo kikamtunukia udaktari wa heshima mwaka wa 1976. Alifariki mwaka wa 1985. Siku hizi wataalamu wengi huutaja upasuaji huo kwa majina matatu, la Thomas likiwa katikati. Mgala muue na haki yake mpe.

Taussig mwenyewe alionja upande wa dhuluma hiyo kwa namna nyingine. Blalock aliingizwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka wa 1945. Yeye alingojea hadi mwaka wa 1973. Uprofesa kamili aliupata mwaka wa 1959, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60 na baada ya mataifa ya nje kumvisha nishani.

Mtihani mwingine ulimfikia mwaka wa 1962. Alois Beuren, daktari Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi wake, alimtembelea na kumsimulia kuhusu watoto wengi waliokuwa wakizaliwa Ujerumani Magharibi bila mikono au miguu kamili. Kulikuwa na shuku kwamba chanzo ni thalidomidi, dawa ya usingizi iliyotumiwa na akina mama wajawazito. Taussig, akiwa na miaka 63, alipanda ndege kwenda kujionea. Alizunguka kliniki kadhaa, akawachunguza watoto, akazungumza na madaktari na kulinganisha rekodi. Njia ilikuwa ile ile aliyoitumia kwa watoto wa samawati: mtazame mtoto mmoja mmoja, kisha hesabu.

Aliporudi Marekani alikuwa na hakika. Dawa hiyo ilikuwa haijaidhinishwa nchini humo kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi katika idara ya serikali ya kusimamia dawa, alikuwa ameikatalia kibali akidai ushahidi zaidi. Taussig aliwahutubia madaktari, akaandika makala na kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mwezi wa Oktoba 1962 ilipitishwa sheria iliyowalazimu watengenezaji kuthibitisha kwamba dawa zao zinafanya kazi, na iliyoimarisha ukaguzi wa usalama wake kabla hazijauzwa.

Mwaka wa 1964, Rais Lyndon Johnson alimtunukia Nishani ya Uhuru ya Rais, heshima ya juu kabisa kwa raia wa Marekani. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha moyo cha Marekani. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa.

Kustaafu kwake mwaka wa 1963 hakukuwa na maana ya kupumzika. Takriban makala 40 za kitaalamu aliziandika baada ya hapo. Katika miaka yake ya mwisho, akiishi Pennsylvania, alikuwa akichunguza mioyo ya ndege, akitafuta kujua ni kwa nini kasoro alizoziona kwa watoto hutokea hata kwa viumbe wengine.

Mnamo 20 Mei 1986, siku nne kabla ya kutimiza miaka 88, alikuwa akiwaendesha rafiki zake katika shughuli za uchaguzi wa mchujo gari lake lilipogongana na jingine. Alifariki siku hiyo. Mwili wake, kwa wasia wake mwenyewe, ulipelekwa Johns Hopkins kutumiwa katika masomo. Tangu mwaka wa 2005 wanafunzi wa udaktari wa chuo hicho wamekuwa wakigawanywa katika makundi manne ya malezi, na kati ya makundi hayo moja lina jina la Taussig na jingine la Thomas.

Upasuaji alioubuni yeye na wenzake haujatupwa. Kwa kutumia kipande cha mrija maalum badala ya mshipa wenyewe wa mkono, bado hufanyiwa watoto wachanga ambao hawajafika kiwango cha kufunguliwa moyo. Hapa nyumbani, msomaji wa magazeti amezoea picha za wazazi wanaochangisha fedha ili mtoto mwenye tundu moyoni apelekwe kupasuliwa, pengine ng'ambo. Fedha zikitimia na mtoto akarudi salama, picha hizo hutoweka kurasani na wasomaji wakadhani mambo yamekwisha.

Taussig angekuwa na maswali yake. Angetaka kujua mtoto huyo yuko wapi mwaka mmoja baadaye, kama anapanda ngazi za shule bila kuchutama, kama kuna daktari anayelijua jina lake na aliyeandika mahali fulani hali yake ilivyo. Kisha angemwita, amkalishe mbele yake, na kuviweka vidole vyake juu ya kifua.